Kati ya Jando na Ndevu

Kwa siku tatu mpwa wangu alikuja kula kwangu amevaa barakoa. Siku ya kwanza alisema ni vumbi la barabarani, siku ya pili mafua. Siku ya tatu hakusema kitu. Alichukua sahani yake ya ugali na samaki, akaenda kula nyuma ya jiko, ametupa mgongo. Mke wangu ndiye aliyenikonyeza. Nikamfuata, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikangoja. Alipoiteremsha barakoa niliona kidevu kimekuwa cheusi tititi, ngozi imekakamaa kama gome la mkorosho, na pembeni malengelenge mawili yamepasuka. Sikuhitaji kuuliza. Mama yangu alibangua korosho maisha yake yote, na vidole vyake vilikuwa hivyo hivyo kila msimu asipopaka majivu ya kutosha.

Kijana ana miaka 19. Alikamua mafuta ya maganda ya korosho, akajipaka kidevuni na mashavuni, akalala nayo. Mafuta hayo ni yale yale wanayonunua wenye viwanda vya rangi na vya breki za magari. Mwenzake alimwambia kwamba yanaunguza ngozi ya utotoni, vinyweleo vinafunguka, ndevu zinatoka zenyewe. Hiyo ilikuwa dawa yake ya tatu. Ya kwanza ilikuwa kitunguu swaumu alichojisugua mpaka shuka likanuka. Ya pili ilikuwa kichupa cha minoxidil alichoagiza kwa muuzaji wa mtandaoni kwa shilingi 35,000, fedha aliyoipata kwa kubeba magunia ghalani.

"Mjomba, wenzangu wote wanazo," aliniambia. Huku kusini mjomba na mpwa huitana mjomba, mkubwa kwa mdogo. "Wananiita dogo. Hata yule niliyemzidi darasa mbili ananiita dogo."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumkaripia, nikaufunga. Mimi ndiye niliyempeleka jandoni, akiwa na miaka saba. Siku ya kutoka, akiwa na nguo mpya na kichwa kimenyolewa, mimi ndiye niliyemwambia mbele ya watu kwamba sasa ni mwanamume. Baada ya hapo sikumwambia tena neno lolote kuhusu mwili wake. Miaka kumi na miwili imepita.

Naandika haya nikiwa Ufukoni, Mtwara, na najua siko peke yangu. Kuanzia hapa mjini hadi Msimbati, na kutoka Msimbati hadi Kilambo kwenye Mto Ruvuma, kuna vijana wengi wanaolala na kioo cha simu usoni wakihesabu nywele. Wakubwa wanacheka. Nilipomweleza jirani yangu mmoja alisema, "Njaa hawaioni, wanaona ndevu." Hata mimi zamani ningesema hivyo. Lakini mtoto wa mtu akishaunguza uso wake, kicheko kinakuwa kigumu.

Tuanze na jando lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona mzizi wa jambo. Wazee wetu wa Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera hawakuwa na haraka. Kambi ilikuwa ya msituni, ya miezi, baada ya mavuno, na wavulana walioingia walikuwa wa umri wa kuchanganyika: wapo wadogo, wapo waliokwishaanza kubadilika sauti. Mdogo alimwona mkubwa kila siku akioga, akasikia wenzake wakizungumza, akajua kwa macho kwamba mwili una safari. Leo kambi inabanwa ndani ya likizo ya Juni au ya Desemba, na watoto wanapelekwa wadogo zaidi, maana wanapona upesi na hawapotezi masomo. Wengine wanatahiriwa hospitali wakiwa hata hawajaanza shule. Sina ugomvi na hospitali. Damu imepungua, vidonda vibaya vimepungua. Ninachosema ni kwamba tumeendelea kutamka neno lile lile la zamani, "umekuwa mwanamume", tukimwambia mtoto ambaye bado meno yake ya mbele hayajarudi. Mtoto analishika. Anasubiri mwili uthibitishe alichoambiwa, na mwili unachukua muongo mzima na zaidi.

Wenzetu wa upande wa kike wana nafuu kidogo. Unyago nao unasongwa na shule na una lawama zake, lakini mwili wa msichana una siku yake inayojulikana. Siku hiyo ikifika, kuna shangazi, kuna bibi, kuna somo wa kumkalisha chini. Mvulana hana siku kama hiyo. Hakuna asubuhi anayoamka na watu wakaambizana. Ndevu ndiyo alama pekee inayoonekana na umma, na kwa bahati mbaya ndiyo inayochelewa kuliko zote.

Kuna jambo ambalo wengi waliotoka jandoni Umakondeni wanalifahamu, na limekwisha kuandikwa sana hata si siri tena. Ni lile la kinyago cha kuvaa kichwani, ambacho ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma hukiita lipiko, wingi wake mapiko. Mafundi wa zamani walikibandika nywele halisi za binadamu kwa nta ya nyuki. Yapo mapiko katika makumbusho ya Ulaya mpaka leo yenye ndevu za mtu kwelikweli. Wanawake na watoto huambiwa ni mzimu. Ndani ya jando mvulana huonyeshwa: kinavuliwa, na chini yake anatokea kijana wa jirani, jasho linamtiririka, kidevu kitupu. Nimekumbuka hilo mara nyingi wiki hii. Tuliwaonyesha watoto kwamba ndevu za kinyago zinatoka na kinyago, kisha tukawaacha waamini kwamba ndevu za binadamu ndizo zinazomfanya mtu.

Shule nayo inafundisha, lakini kwa namna yake. Kitabu cha sayansi kinaorodhesha mabadiliko ya mvulana: sauti nzito, mabega mapana, nywele kwapani na sehemu za siri, ndevu. Orodha haisemi lipi linatangulia lipi, wala linachukua miaka mingapi. Mtoto wa darasa la saba anaisoma kama risiti ya dukani, anadhani vyote vinakuja ndani ya mfuko mmoja. Akifika sekondari, ndevu zinakuwa kosa: mwalimu wa zamu anakagua mstarini, mwenye nazo anarudishwa akanyoe. Akimaliza kidato cha nne, ndevu zile zile zinakuwa cheti. Asiyenazo hapati hata nafasi ya kuzungumza kijiweni.

Basi jioni ile, baada ya kumwosha kwa maji mengi na sabuni na kumzuia asijipake chochote kingine, nilimweleza niliyopaswa kumweleza akiwa na miaka kumi na mbili. Nayaandika hapa kwa ajili ya mjomba mwingine ambaye hajui aanzie wapi.

Mwili wa mvulana huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14. Kinachotangulia ni korodani kukua, halafu hufuata nywele za sehemu za siri, kurefuka, sauti kuvunjika. Ndevu ni za mwisho, na zina njia yao. Zinaanzia kwenye pembe za mdomo wa juu, zinatambaa hadi chini ya pua, ndipo zinatokea juu ya mashavu na chini ya mdomo wa chini. Pembeni mwa uso na kidevuni ndiko zinakomalizia. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 mwenye kivuli juu ya mdomo na kidevu kitupu hajakwama popote. Yuko njiani. Wapo wanaofikisha miaka 25 zikiendelea kujaa, na wapo wa 30.

Zile nywele laini alizozaliwa nazo mashavuni, tunazoziita malaika, ndizo zinazogeuka kuwa ndevu zikipata homoni ya kiume, testosteroni. Hapa ndipo vijana wanapopotoshwa zaidi. Wanaambiwa kidevu kitupu ni upungufu wa nguvu za kiume. Ukweli ni kwamba wanaume wengi wenye ndevu chache wana homoni kamili. Tofauti iko kwenye mashina ya nywele, jinsi kila shina linavyoipokea homoni hiyo, na hilo ni urithi. Wachina na Wajapani wengi hawana ndevu za kujaza mkono, na vizazi vyao havijakatika. Urithi nao unatoka pande zote mbili. Mpwa wangu alikuwa akimtazama baba yake, mtu mwenye ndevu zinazofika kifuani. Nikamwambia atazame pia huku kwetu, kwa kaka zake mama yake, akianza na mimi. Sisi tunaohesabu ukoo kwa mama ndio tungekuwa wa kwanza kukumbuka hilo.

Aliniuliza kuhusu wembe. Kinyozi alimwambia anyoe kila siku ili zikaze. Imani hiyo ni ya dunia nzima, na ilipimwa zamani: mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, aliwanyolesha wanaume kwa utaratibu, akazipima nywele zao, na hakuona zikibadilika unene, rangi wala kasi ya kuota. Zinaonekana ngumu kwa sababu wembe unakata ncha nyembamba na kuacha kisiki. Kwa ngozi zetu kunyoa hovyo kuna ubaya wake: nywele za kujikunja hurudi ndani ya ngozi na kuzaa vile vipele ambavyo kila saluni ya mtaani inavijua, na wembe wa kuchangia unaweza kubeba homa ya ini. Kijana anayenyoa kidevu kisicho na kitu anapata hasara zote, faida hapati.

Kuhusu kile kichupa, sikumdanganya. Minoxidil ilianza kama dawa ya shinikizo la damu; wagonjwa wakaonekana wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu ipakwe kichwani kwa wenye upara. Kidevuni wapo wanaoongezeka nywele kwa kuitumia. Lakini ni dawa, ina uwezo wa kuwasha ngozi, kukausha, na kwa wengine moyo kwenda mbio, na mtu mwenye tatizo la moyo hapaswi kuigusa bila daktari. Kichupa cha mpwa wangu kilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma mtaani kwetu, hakina tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifuniko chake kilishawahi kufunguliwa. Dawa nchini ziko chini ya TMDA, na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, lakini kinachouzwa kwenye status ya simu na kupokelewa stendi jioni hakipiti mezani kwa yeyote. Nilimwambia akikipaka hicho, hata anayemuuzia hajui amempa nini. Wengine wanajipaka piko, ile rangi nyeusi, ili hizo nywele tatu zionekane sita. Piko nayo inawaumua watu uso.

Lipo na la dini, na kwa pwani yetu ni zito. Kijana anayesali msikitini anaona wenzake wamefuga, anasikia kwamba ndevu ni suna, anajiona amepungukiwa hata mbele ya Mola wake. Mpwa wangu alilisema hilo kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Nilimuuliza alisoma nini chuoni. Akasema Safina, kama watoto wote wa huku. Basi nikamwambia akumbuke alama za kubaleghe alizozikariri humo: kutimiza miaka kumi na mitano, ndoto, na hedhi kwa msichana. Ni tatu. Ndevu hazimo. Sheikh Salim bin Sumair, Mhadhrami aliyekiandika kijitabu kile na kufia Batavia katika karne ya 19, hakumwekea mtu sharti la kidevu ili aandikiwe sala yake. Na suna ni kuziacha ukizipata. Hakuna anayeulizwa juu ya asichopewa.

Nikamtajia Qays bin Saad bin Ubada. Katika Ansari wa Madina alikuwa kiongozi, mrefu kupita kiasi, mkarimu wa kutolewa mfano, na Khalifa Ali alimfanya gavana wa Misri. Hakuota ndevu. Watu wake walikuwa wakisema laiti zingenunulika wangemnunulia kwa mali zao. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba walisema hivyo huku wakimfuata vitani. Waliona kidevu chake, wakakisikitikia, na wakampa bendera.

Si kila kidevu kitupu ni cha kungoja tu, hata hivyo, na mlezi anayesema "zitakuja" bila kutazama kingine anaweza kukosea vibaya. Mvulana akifika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, apelekwe kwa daktari. Aliyefika 18 na sauti yake ni ya mtoto, hana nywele popote, harefuki kama wenzake, apelekwe. Mwenye selimundu huchelewa, naye mama yake anapaswa kuambiwa hilo mapema asije akadhani amelogwa. Yupo ambaye korodani hazikushuka tangu kuzaliwa na hakuna aliyeangalia. Yupo aliyeugua matumbwitumbwi akiwa mkubwa yakamshukia huko chini. Wapo wanaozaliwa na kromosomu moja iliyozidi, na hao si wachache kama tunavyodhani. Yote haya yana vipimo na mengine yana tiba, na ukanda huu una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Lakini kijana hawezi kwenda peke yake akamwambia mtu wa mapokezi kilichomleta. Anahitaji mtu mzima wa kusimama naye kwenye foleni.

Ndiyo maana nasema hili ni la malezi kabla halijawa la urembo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inataja chakula, malazi, mavazi na matibabu, na inataja pia elimu na mwongozo. Chakula tunakihesabu kwa kilo. Huo mwongozo tumewaachia wauza mafuta.

Nani hasa aseme? Mama wa mpwa wangu, dada yangu, alishaona kitambo. Aliona kijana anachelewa bafuni, aliona vitunguu vinapungua jikoni. Hakusema kwa sababu mila haimruhusu mama kumsemesha mwanawe wa kiume mambo ya mwili, na mimi siilaumu mila kwa hilo, maana iliweka mtu wa kusema. Iliniweka mimi. Baba yake yuko melini, anarudi mara moja kwa mwaka. Babu yake anamtania: akimwona tu humuuliza kama leo amenyoa. Utani wa babu na mjukuu ni haki yao wote wawili, na babu alikuwa akicheza kwa upendo. Ila utani unakuwa mtamu pale ambapo mtu mwingine ameshasema neno la kweli pembeni. Kijana akisikia utani tu, hana neno la kweli la kuuweka kando yake.

Wazee wawili niliozungumza nao wanaona nataka kuharibu jando. Sitaki. Ninachosema ni kwamba jando limeshawahi kubadilishwa na watu walioliheshimu. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, alikaa na Wakristo wa huko wakalifanya jando la kanisani, na wazee wakakubali mengine wakakataa mengine. Sisi wenyewe tumelipunguza kutoka miezi hadi wiki, wala hatukuitisha kikao. Basi kama tunawapeleka wakiwa na miaka saba, tuwaite tena wakiwa na kumi na tano. Bila kisu, bila ngoma ikibidi, siku moja tu ya likizo, chini ya mwembe, manyakanga mmoja wa jando na mjomba mmoja na muuguzi mmoja. Waambiwe mwili unakwendaje, waulize wanayoyaogopa. Mmoja wa wazee wale aliniuliza chakula cha siku hiyo atakitoa nani. Nilimwambia nitatoa mimi, akanyamaza. Naona ananipima kama nasema kweli.

Mpwa wangu tulimpeleka zahanati asubuhi iliyofuata. Muuguzi alimsafisha, akampa dawa ya kupaka, akamwambia weusi utachubuka wenyewe, asiubandue. Alisema panapobaki kovu huenda nywele zisiote kabisa. Kijana alitazama sakafu. Kule kukimbilia ndevu ndiko huenda kumempunguzia ndevu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulisema hilo kwa sauti.

Tulirudi kwa miguu kupitia ufukweni, maji yakiwa yametoka na wanawake wakiokota chaza. Akaniuliza, "Mjomba, wewe zilianza lini?"

Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia miaka 24, na hizi unazoziona zilitimia nikiwa na mtoto wa pili. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile ambalo hata mke wangu halijui: kwamba nikiwa na miaka 18 nilikwenda ngomani Mikindani nimejichora masharubu kwa masizi ya kibatari, nikacheza, nikatokwa jasho, na msichana niliyemtaka akanipa kanga yake nijifute mdomo.

Alicheka mpaka akasimama. Kisha akashika kidevu kwa viganja viwili, maana ngozi ilikuwa bado inavuta.